Gesi Imepita Hapa: Keko, Mikocheni na Jiko la Shule

Nimerudi. Najua nilipotea tangu semista ianze. Kazi za darasani kibao, semina tatu kwa wiki, na bumu nalo linakuja kwa mwendo wa konokono. Leo sina stori za hosteli. Naandika historia, maana huku campus ya upande wa Temeke mimi ndiyo fani yangu, Historia na Kiswahili, na kuna swali limenikaa kichwani tangu nitoke fildi: jengo la umma linaunganishwaje na mtandao wa nishati, na kwa nini jengo fulani linaunganishwa mapema na lingine linaachwa miaka nenda rudi?

Swali lenyewe linaanzia Keko. Gereza la mahabusu la Keko, pale Temeke, ni moja ya taasisi za umma za Dar zilizounganishwa na bomba la gesi asilia kwa ajili ya kupikia. Siyo mtungi, bomba kabisa, linatoka barabarani, linaingia ukutani, linakwenda jikoni. Upande wa pili wa jiji, Kinondoni, nyumba za kwanza kupata gesi ya namna hiyo zilikuwa chache tu za Mikocheni, nyumba za TPDC, shirika la serikali la mafuta na gesi. Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa Dar ni nani walioonja gesi ya bomba kabla ya wengine, jibu ni mahabusu wa Keko na wapangaji wa Mikocheni. Nilipowaambia washikaji zangu mesi walicheka wakadhani natania.

Tuanze mbali kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa.

Gesi yenyewe iligunduliwa mwaka 1974 Songo Songo, kisiwa kidogo wilayani Kilwa. Waliochimba walikuwa Waitaliano wa kampuni ya AGIP. Walikuwa wanatafuta mafuta. Walipokuta gesi walikunja uso, wakasema haina faida ya kibiashara, wakaacha. Kipindi hicho gesi ilikuwa kitu cha kuudhi: mafuta unayatia kwenye meli unauza popote, lakini gesi lazima uwe na bomba, na bomba lazima liwe na mtu upande wa pili anayeisubiri. Hilo neno la "mtu upande wa pili" mlikumbuke, ndiyo roho ya makala yote.

TPDC wakaendelea kuchimba wenyewe visima vingine Songo Songo hadi miaka ya 1980 mwanzoni. Mwaka 1982 AGIP hao hao wakagundua gesi nyingine Mnazi Bay, Mtwara. Sasa likaja wazo la kutengeneza mbolea. Serikali ikaunda kampuni ya Kilwa Amonia, wenyewe waliiita KILAMCO, ikishirikiana na Wamarekani, kiwanda kijengwe Kilwa Masoko, gesi igeuzwe amonia, mbolea iuzwe nje. Lakini angalia miaka hiyo ndugu yangu. Vita vya Kagera vimetoka kuisha 1979, bei ya mafuta imepanda mara mbili ndani ya muongo mmoja, madukani hakuna sabuni wala unga, watu wanapanga foleni ya sukari. Nani atakukopesha hela za kiwanda cha amonia? Mpango ukafa. Wazee wa Kilwa wakabaki na ahadi.

Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukame ukakausha mabwawa na umeme ukawa wa mgawo. Hapo ndipo gesi ikakumbukwa, safari hii kama moto wa kuzungusha mitambo ya umeme. Mradi wa Songas ukaanza kuzungumzwa. Katikati yake, mwaka 1995, serikali ikasaini mkataba na IPTL wa megawati 100 za dizeli, na mnajua wenyewe hiyo sinema ilivyokuwa ndefu: mabishano ya gharama, kesi mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, mitambo ikaja kuwashwa 2002. Songas nayo ikawa inasubiri kwenye foleni. Mikataba yake ikasainiwa Oktoba 2001, na gesi ya kwanza ikafika Ubungo katikati ya mwaka 2004.

Toka 1974 hadi 2004. Miaka 30! Mtoto aliyezaliwa siku Waitaliano wanakunja uso alikuwa tayari ana watoto wake.

Bomba lenyewe: kilomita 25 chini ya bahari kutoka kisiwani mpaka Somanga Funga, kipenyo inchi 12, halafu kilomita 207 nchi kavu, inchi 16, linavuka Rufiji linakuja hadi Ubungo, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kinondoni. Kutoka Ubungo likatoka tawi la kilomita 16 kwenda kiwanda cha saruji Wazo Hill. Mitambo ya Ubungo, ambayo awali ilikuwa inakunywa mafuta ya ndege (ndiyo, mafuta ya ndege, kuwashia balbu), ikageuzwa itumie gesi.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapomalizia hadithi. Gesi ikaja, umeme ukapatikana (ingawa 2006 mgawo ulirudi kwa nguvu, na lile sakata la Richmond likamwondoa Waziri Mkuu mwezi Februari 2008). Lakini kuna hadithi ya pili, ndogo, ya mabomba madogo, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi.

Kampuni ya PanAfrican Energy ilichukua gesi iliyozidi mahitaji ya Songas ikaanza kuisambaza viwandani. Mabomba yakazikwa kuelekea Ubungo, barabara ya Nyerere, Chang'ombe mpaka kwenye viwanda vya Temeke. Kiwanda cha chupa cha Kioo kilikuwa kati ya wateja wa mwanzo, vikaja vya bia, vya nguo, vya mabati. Viwanda hivyo vilikuwa vinachoma mafuta mazito yanayoletwa na meli. Ukikaa Chang'ombe unaishi juu ya mtandao huo kila siku bila kujua. Unapanda daladala, chini yako gesi ya Kilwa inakwenda kuyeyusha mchanga uwe chupa ya soda.

Na Keko iko wapi? Iko hapo hapo, pua na mdomo na viwanda. Hilo ndilo jibu la nusu ya swali langu. Gereza halikuchaguliwa kwa sababu mtu aliwahurumia mahabusu. Lilikuwa karibu na bomba, na linapika sufuria kubwa kubwa asubuhi, mchana na jioni, siku 365, bila likizo. Kwa mwenye bomba huyo ni mteja wa ndoto. Mfereji mmoja, mita moja, mkataba mmoja, na matumizi unaweza kuyakadiria ukiwa umefumba macho. Linganisha na mtaa wa nyumba 200 za Tandika: mifereji 200, mita 200, madeni 200, na wapangaji wanaohama kila miezi sita.

Nikasoma zaidi nikagundua hili siyo la Dar tu. Ulaya na Marekani wana kitu ambacho sisi hatuna kabisa, mtandao wa joto. Kuna jengo moja kubwa la kuchemshia maji au mvuke, mabomba yanapita chini ya barabara, yanaingia kila jengo, watu wanapata joto majira ya baridi bila kila nyumba kuwa na tanuru lake. Mmarekani mmoja aitwaye Birdsill Holly alianzisha mtandao wa mvuke wa kibiashara mji wa Lockport mwaka 1877. New York wakafuata 1882, na mpaka leo kule Manhattan mvuke unapita chini ya lami. Kwenye mitandao hiyo wateja wanaotafutwa kwanza ni wale wale: hospitali, shule, ofisi za manispaa, jela. Majengo ya umma hayahami na matumizi yao yanajulikana. Ukishawapata hao, bomba kubwa linajilipa, ndipo nyumba ndogo za jirani zinaunganishwa kwa gharama nafuu. Jengo la umma ndilo linalolivuta bomba lifike mtaani.

Sisi Dar joto hatulihitaji, tunalo la bure mpaka linatukera. Tungehitaji mtandao wa ubaridi. Huko Ghuba wanao: Tabreed ilianzishwa Abu Dhabi mwaka 1998, Empower ya Dubai mwaka 2003. Wanapoza maji sehemu moja mpaka nyuzi 5 hivi, wanayasukuma kwenye mabomba yaliyofunikwa vizuri, yanaingia kwenye majengo, yanachukua joto, yanarudi kupozwa tena. Ndugu zetu Waswahili walioko Maskati na Dubai wengine wanakaa kwenye majengo hayo na bili ya ubaridi inakuja peke yake. Hapa kwetu kila ofisi ina kiyoyozi chake kinaning'inia ukutani kikidondosha maji kwenye vichwa vya wapita njia. Mtandao kama huo unataka majengo makubwa yaliyobanana na umeme usiokatika, na kwa Temeke naona bado. Lakini kanuni ni ile ile ya Lockport na ya Keko. Hata Wakenya wanayo ya kwao: pale Naivasha shamba la maua la Oserian lilikodi kisima cha mvuke wa ardhini wa Olkaria kupashia joto mabanda ya maua. Maua yanapata joto la bomba. Haya bwana.

Turudi nyumbani.

Bomba la pili, lile kubwa la Mtwara, lilianza kujengwa 2012 kwa mkopo wa China na likazinduliwa Oktoba 2015, siku za mwisho za Rais Kikwete. Zaidi ya kilomita 500, inchi 36, kutoka Madimba mpaka Kinyerezi, na kipande kinaendelea mpaka Tegeta. Hili halikuja kimya kimya kama la kwanza. Watu wa Mtwara waliandamana Desemba 2012 wakisema gesi haitoki. Mei 2013, bajeti ya Nishati ikisomwa bungeni Dodoma, mji ukalipuka, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Profesa wetu mmoja wa semina husema msifundishe tukio hili kama "vurugu" tu, na mimi namuunga mkono. Watu wa Mtwara walikuwa wanauliza swali lile lile la 1974, nani yuko upande wa pili wa bomba? Waliona bomba linaanzia kwao na linaishia kwa mwingine. Na cha kuumiza ni kwamba hata huyo "mwingine", yaani mkazi wa kawaida wa Mbagala au Manzese, kwa miaka kumi baadaye bado alikuwa anapikia mkaa. Gesi ilikwenda kwenye mitambo ya umeme na viwandani. TPDC wakaongeza nyumba kidogo kidogo: Mikocheni, Sinza, Survey, maeneo ya Mlimani, na Mtwara na Lindi pia. Ukijumlisha zote, kwa jiji lenye watu zaidi ya milioni tano, ni tone.

Sasa niwaambie kwa nini hili linaniuma mimi mwalimu mtarajiwa.

Fildi yangu ilikuwa sekondari moja ya kata upande wa Mbagala, jina naliweka mfukoni. Jiko la shule ni banda la mabati, mafiga ya mawe, masufuria mawili ya makande. Mama anayepika, tunamwita mama Sele, anaingia saa kumi na moja alfajiri. Dirisha la darasa la kidato cha pili B limeelekea jikoni. Upepo ukigeuka, moshi wote unaingia darasani. Nilikuwa nafundisha Mapinduzi ya Viwanda, nimefika London, namweleza mtoto kwamba kampuni ya gesi ya kwanza kule ilipewa hati mwaka 1812, taa za barabarani, mabomba chini ya mitaa, na watoto wanakohoa, macho mekundu. Binti mmoja wa mbele akaniuliza kwa heshima zote: "Shikamoo mwalimu, samahani, hiyo gesi ya 1812 sisi tutaipata lini?" Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia swali zuri, kaa chini, nitalijibu. Makala hii ndiyo jibu, maana siku ile kengele iligonga.

Kisheria jambo limesogea. Novemba 2022 Rais Samia aliitisha mjadala wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia hapa Dar, ikafuata amri kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kuanzia mwaka 2024. Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mahali pa kuanzia palikuwa chini sana, asilimia 6.9 mwaka 2021. Jeshi la Magereza likaingia makubaliano na wakala wa nishati vijijini, REA, kubadilisha majiko ya magereza nchi nzima. Kwa hiyo tena magereza wako mbele. Siwaonei wivu, maana mahabusu naye ana mapafu.

Lakini angalieni shule nyingi zinavyotii amri hiyo. Zinafunga mitungi mikubwa ya LPG. Hiyo ni gesi tofauti kabisa na ya Songo Songo, na inakuja kwa meli kutoka nje. Ni nafuu kuliko moshi, sikatai, na kwa shule ya Songea au Kigoma hakuna njia nyingine ya haraka. Ila kwa shule ya Temeke iliyo karibu na bomba la gesi ya nchi yetu, kununua gesi ya kigeni kwa mtungi ni sawa na mtu wa Kigoma kununua dagaa wa kopo.

Watu wananiuliza, si hatari shuleni? Nimejifunza kidogo. Gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani, ambayo ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja inapanda juu na kutoka nje kama jiko lina matundu juu. Ya mtungi ni nzito, inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye pembe ikisubiri kiberiti. Methani haina harufu yenyewe, kwa hiyo inawekewa dawa inayonuka kama yai viza ili mtu ashtuke. Kabla ya kuingia jengoni gesi inapita kwenye kituo cha kupunguza msukumo, halafu mita, halafu koki kubwa ya nje ambayo mtu yeyote anaweza kuifunga. Mama Sele angeielewa ndani ya siku moja. Hata kuchochea hatachochea tena, atabaki na mwiko wake tu.

Kinachobaki ni ule umbali wa mwisho. Kutoka bomba la barabarani mpaka jikoni inaweza kuwa mita 300, na hizo mita 300 ndizo zinazoua kila mpango. Serikali kuu inasema imeshajenga bomba kubwa. Mwenye bomba anasema jiko moja la shule halilipi mfereji. Shule inasema haina fungu, na mzazi ameshachoka na michango. Kila mmoja ana hoja! Ila shule hazikai moja moja. Huku kwetu unakuta msingi, sekondari, zahanati na ofisi ya kata vimepakana ukuta kwa ukuta. Ukivihesabu kama wateja wanne, hakuna anayelipa mfereji. Ukivihesabu kama mteja mmoja, unakaribia kupata Keko nyingine, na nyumba za jirani zinafuata nyuma yake. Halmashauri ndiyo yenye majengo hayo yote, sahihi moja inatosha, na mpaka sasa sijasikia diwani hata mmoja wa huku aliyesimama kwenye kikao akaomba ramani ya bomba.

Mwenzangu wa chumba anasoma jiografia, ana simu yenye kipimo cha umbali. Jumamosi tunatembea kutoka barabara ya Nyerere kwenda ndani, shule kwa shule, tuhesabu mita. Anayetaka kuja aje na viatu vya kufungwa na maji ya kunywa, tunaanzia Chang'ombe saa moja asubuhi.